Kafe ya kolabo ya anime Japani: kuanzia kuwinda nafasi hadi kutoka na kadi mkononi

Wajapani huiita korabo kafe, na neno lenyewe halitupi shida, maana kolabo tunaijua tangu kwenye muziki. Mkahawa mmoja na anime moja (katuni ya Kijapani) hukubaliana kufanya kazi pamoja kwa muda mfupi, kwa kawaida kati ya wiki tatu na miezi miwili. Kuta hubandikwa picha za wahusika, mara nyingi zilizochorwa mahususi kwa ajili ya kolabo hiyo. Spika hupiga nyimbo za anime hiyo, kila chakula kinabuniwa kwa kumfuata mhusika fulani, na kila kinywaji huja na kadi ya kuwekea glasi ambayo haiuzwi dukani. Muda ukiisha kila kitu kinabanduliwa, na baada ya siku chache inaingia anime nyingine.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: ziara hii hufanikiwa au huharibika kabla hujapanda ndege. Ukishakaa mezani, mambo ni mepesi. Kazi kubwa ni kupata kiti. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu kuweka nafasi.

Usichanganye kafe hizi na zile za kudumu. Pokémon Cafe ya Nihonbashi, Tokyo, ndani ya jengo la maduka la Takashimaya, ipo mwaka mzima tangu 2018, na nyingine iko Shinsaibashi, Osaka, tangu 2019. Hizo ni kimbilio zuri kama tarehe zako hazikukutana na kolabo unayoitaka. Ila na zenyewe hujaa: nafasi hufunguliwa siku 31 kabla, saa 18:00 za Japani, na mezani unapewa dakika 90.

Kwanza: linganisha kalenda

Hapa ndipo msafiri kutoka kwetu anapopata ugumu ambao mwenyeji wa Tokyo haujui. Kolabo nyingi hutangazwa wiki mbili hadi nne tu kabla ya kuanza. Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji viza ya Japani, na viza hiyo inaombwa pamoja na ratiba ya safari. Kwa hiyo tiketi na tarehe zako zitakuwa zimeshapangwa kabla hujajua kafe gani itakuwepo. Usijaribu kupanga safari nzima kwa kuifuata kolabo moja. Panga safari, kisha ikibaki kama siku 35, anza kutafuta kilichoangukia ndani ya tarehe zako.

Pa kutafuta ni kurasa rasmi za anime yenyewe kwenye X, ambako matangazo hutoka mapema, na tovuti ya collabo-cafe.com inayokusanya kolabo za nchi nzima. Tovuti hiyo ni ya Kijapani tupu, lakini tafsiri ya simu inatosha kusoma tarehe na mji. Andika jina la anime kwa Kijapani, kisha ongeza コラボカフェ, yaani "korabo kafe". Ukitafuta kwa jina la Kiingereza utakosa nusu ya matokeo.

Jua pia majina ya wenyeji wakubwa wa shughuli hizi. Animate Cafe ina matawi Ikebukuro (mtaa wa Tokyo), Nagoya na Osaka, miongoni mwa mahali pengine. THE GUEST cafe&diner hukaa ndani ya maduka ya Parco. Zipo TOWER RECORDS CAFE na Sweets Paradise, na ufotable, studio inayotengeneza anime, ina kafe zake yenyewe. Kila moja ina utaratibu wake wa nafasi, kwa hiyo ulichojifunza kwenye moja usikichukulie kuwa ndiyo sheria ya nyingine.

Ukisoma tangazo, tafuta maneno mawili: 前期 (zenki) na 後期 (kouki), awamu ya kwanza na awamu ya pili. Kolabo nyingi hugawanywa hivyo, na kadi za glasi hubadilika, wakati mwingine na menyu pia. Wapo wanaosafiri mpaka mlangoni kufuata kadi ya mhusika wanayempenda, wakaambiwa ilikuwa ya awamu iliyokwisha juzi.

Pili: nafasi

Kuna njia tatu, na mara nyingi hufuatana kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni 抽選 (chuusen), yaani droo. Unaandika siku na saa unazotaka, unasubiri, kisha unapata barua pepe ya kukujulisha kama umepata au umekosa. Droo hufunguliwa kwa siku chache na kufungwa. Haraka haisaidii; aliyeomba dakika ya kwanza na aliyeomba ya mwisho wana nafasi sawa. Kinachosaidia ni kuchagua siku ambazo wengine hawazitaki.

Ya pili ni 先着 (senchaku): anayewahi ndiye anayepata. Hii hufuata baada ya droo, kugawa viti vilivyobaki, na kwa msafiri ndiyo njia bora, kwa sababu jibu unalipata papo hapo.

Ya tatu ni 当日 (toujitsu), viti vya siku hiyohiyo kwa wasio na nafasi. Vipo pale tu palipobaki viti. Asubuhi ya siku ya kazi, katikati ya awamu, mara nyingi huwa vipo. Jumamosi ya kwanza ya kolabo usivitegemee kabisa.

Siku ngumu zaidi ni wiki ya kwanza ya kila awamu, siku ya kuzaliwa ya mhusika maarufu, wikendi zote, na likizo kubwa za Wajapani: mwisho wa Aprili hadi tarehe 5 Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Siku rahisi ni Jumanne hadi Alhamisi, zamu ya kwanza ya asubuhi au ya mwisho ya usiku.

Kuhusu saa, sisi tuna bahati ndogo ambayo wengi hawaioni. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na hesabu yetu ya saa nayo inapishana na ya kizungu kwa saa 6. Matokeo yake, namba ambayo mshale mfupi wa saa ya ukutani ya Tokyo unaionyesha ndiyo saa ya Kiswahili nyumbani. Nafasi zikifunguliwa 18:00 kule, mshale uko kwenye 6, na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa sita mchana. Zikifunguliwa 10:00 asubuhi, kwetu ni saa kumi alfajiri. Zikifunguliwa 0:00 ya tarehe 10, kwetu ni saa kumi na mbili jioni ya tarehe 9, na hapo wengi huchelewa siku nzima kwa kusoma tarehe bila kusoma saa. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Goma aondoe saa moja. Aliyeko Muscat aongeze moja.

Kwenye njia ya senchaku, ingia kwenye akaunti dakika 10 kabla, kadi ya benki ikiwa karibu. Jaza kwanza siku ya pili au ya tatu kwa ugumu. Ile inayotakwa na kila mtu ikiisha, ukurasa hukurudisha mwanzo na unapoteza zote mbili.

Fomu inayokataa jina lako

Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowashinda wengi. Fomu ya Kijapani huomba jina mara mbili: kwa herufi za kawaida, kisha kwa katakana, hati inayotumika kuandikia maneno ya kigeni. Ukiandika AMINA kwenye kisanduku cha pili, fomu inagoma na kukuonyesha maandishi mekundu.

Majina yetu huingia kwenye katakana kirahisi sana, kwa kuwa Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu. Amina ni アミナ, Juma ni ジュマ, Baraka ni バラカ, Neema ni ネーマ (kile kistari ndicho kinachovuta irabu). Mwanaidi inakuwa ムワナイディ. Liandike jina lako mara moja, lihifadhi kwenye simu, kisha kila fomu unalinakili tu. Angalia herufi ziwe pana, アミナ, kwa sababu zile nyembamba, ｱﾐﾅ, zinasomeka vilevile lakini fomu huzikataa. Kwenye kisanduku cha herufi za kawaida andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Kafe zilizochezesha droo wakati mwingine hudai kitambulisho mlangoni.

Kikwazo kikubwa zaidi ni namba ya simu. Kolabo zinazouza nafasi kupitia Lawson Ticket, e+ au Ticket Pia kwa kawaida huthibitisha akaunti kwa meseji au simu kwenye namba ya Japani. Laini ya eSIM ya data ambayo watalii hununua haina namba ya kupokea meseji, hivyo haitasaidia. Una njia tatu za halali: tafuta kafe inayotumia TableCheck au mfumo mwingine unaokubali namba za nje, mwombe ndugu au rafiki anayeishi Japani akuwekee nafasi na aende nawe, kwa kuwa jina litakuwa lake, au subiri viti vya siku hiyohiyo. Usibuni namba. Namba ya kubuni ni ya mtu fulani, na nafasi yako inaweza kufutwa.

Mfumo ukikuletea karatasi badala ya QR, basi tiketi hutolewa kwenye konbini, yale maduka madogo yanayofunguliwa saa 24. Kwa Lawson kuna mashine nyekundu iitwayo Loppi: ingiza namba uliyotumiwa, mashine itatoa karatasi, peleka kwa keshia, atakupa tiketi. Fanya hivyo siku moja kabla. Karatasi ya Loppi muda wake ni mfupi, kwa hiyo ukishaichapa nenda kwa keshia palepale.

Kadi ya benki na namba ya siri

Ada ya kuweka nafasi huwa kati ya yen 500 na 1,000 kwa mtu, hulipwa mtandaoni na hairudishwi hata ukiugua. Tovuti za Kijapani sasa huomba uthibitisho wa benki yako, ile namba inayotumwa kwa meseji kila unapolipa. Ukiwa tayari Tokyo na laini yako ya nyumbani umeizima, namba hiyo haikufikii na malipo yanakufa. Lipia ada ukiwa bado nyumbani. Kama haiwezekani, acha laini yako ya nyumbani hewani kwa ajili ya meseji tu, data ikipita kwenye eSIM. Kwa wanaotumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, ijaribu kwanza kwa kununua kitu kidogo kwenye tovuti ya Kijapani kabla ya siku ya kugombea nafasi.

Mezani kafe nyingi hupokea kadi, lakini beba taslimu yen 10,000 hata hivyo. Mashine za Seven Bank ndani ya 7-Eleven hutoa pesa kwa kadi za Visa na Mastercard za nje. Bakshishi haitolewi Japani. Ukiacha sarafu mezani mhudumu atakukimbiza azirudishe.

Bajeti ya kweli ya mtu mmoja huwa hivi: ada 660, chakula 1,600, vinywaji viwili 1,600, beji tatu za bahati nasibu kwa 550 kila moja, yaani 1,650, na sanamu bapa ya akriliki yenye kitako chake, 1,760. Jumla yen 7,270. Anayekula tu bila kununua bidhaa hutoka kwa takriban 3,900. Ni ghali kwa chakula cha kiasi hicho, na ni vyema ujue mapema unalipia nini: saa moja na nusu ndani ya ulimwengu unaoupenda, pamoja na kumbukumbu ya kubeba nyumbani. Kwa mtu ambaye anime hiyo imemlea, inastahili kabisa. Kwa anayeisikia kwa mara ya kwanza, haistahili, na rafiki wa namna hiyo usimvute.

Tatu: siku yenyewe

Kafe hizi mara nyingi ziko ghorofa za juu, kwenye majengo membamba yenye lifti moja ndogo. Kutoka stesheni hadi mlangoni jipe dakika 30 zaidi ya ramani inavyosema. Ikebukuro, ambako kolabo ni nyingi sana, ina stesheni inayopoteza hata wenyeji: duka la Seibu, ambalo jina lake lina herufi ya magharibi, liko upande wa mashariki, na Tobu, lenye herufi ya mashariki, liko upande wa magharibi. Duka la Animate na jengo la maduka la Sunshine City yako upande wa mashariki, kwa hiyo fuata vibao vya 東口 (East Exit). Kwenye stesheni ya Akihabara, mtaa mwingine wa Tokyo, tumia mlango wa Electric Town.

Fika dakika 15 kabla. Mfumo ni wa kubadilisha zamu: wote mnaingia pamoja na wote mnatoka pamoja, kwa kawaida baada ya dakika 70 hadi 90. Ukichelewa dakika 10 au 15 nafasi inaweza kufutwa, na kama hawakuifuta, muda wako haurefushwi. Mlangoni onyesha QR na sema "Yoyaku shita Amina desu", mimi ni Amina niliyeweka nafasi. Usishangae kuona wengi wamekuja peke yao. Kwenda peke yako hapa ni jambo la kawaida kabisa, na unaweza kukalishwa meza moja na mgeni mwingine.

Mhudumu ataeleza masharti kwa Kijapani, kwa haraka. Mambo anayosema ni yaleyale karibu kila mahali: kila mtu aagize angalau kitu kimoja, oda ya chakula inafungwa mapema, usipige picha wageni wengine, video huenda imekatazwa. Kisha unaagiza kwa kuskani QR ya mezani au kwa kujaza fomu ya karatasi yenye namba za vyakula. Agiza chakula ndani ya dakika 10 za kwanza. Kafe nyingine hupokea oda ya chakula mara moja tu, na ukijiambia utaongeza baadaye utakuta imefungwa. Neno 完売 (kanbai) juu ya picha lina maana kimeisha kwa siku hiyo.

Bidhaa nazo huwa na fomu yake, na kila aina ina kikomo kwa mtu mmoja. Ukiona 一人3点まで, ni vitatu tu. Agiza chakula kwanza, kisha nenda kwenye bidhaa wakati jiko linafanya kazi. Hapo ndipo muda wako unapotumika vizuri zaidi.

Kinywaji kikifika, kitazame kabla ya kukigusa. Mara nyingi kimepangwa kwa tabaka: shira nzito ya rangi ya nywele za mhusika chini, soda au maziwa katikati, krimu juu, na kipande chembamba chenye picha yake kinachoelea. Una kama dakika mbili. Barafu ikianza kuyeyuka, rangi za tabaka huchanganyika na picha hukunjamana pembeni, kisha huzama. Piga picha kwanza, sogeza kadi ya glasi mbali, halafu ndipo ukoroge, kwa sababu bila kukoroga utakunywa soda tupu mwanzoni na sukari tupu mwishoni. Kuhusu hiyo kadi: jina lake ni ya kuwekea glasi, lakini hakuna anayeiwekea glasi. Glasi ya barafu hutoka jasho, na kadi ni karatasi nene inayonyonya maji ndani ya sekunde chache. Iingize moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki ngumu wa upana wa sentimita 10 hivi. Maduka ya yen 100 kama Daiso na Seria huuza pakiti kwa yen 110 pamoja na kodi.

Kuweka mdoli wako au sanamu bapa karibu na sahani kwa ajili ya picha ni ruhusa, na wengi hufanya hivyo. Taa ya kamera zima. Kusimama juu ya kiti au kumfuata mhudumu kwa kamera, hapana.

Kwa asiyekula nguruwe au mwenye mzio

Menyu ya kolabo haibadilishwi. Jikoni hawatakutolea kiungo, kwa sababu vyakula vingi vimeandaliwa nusu tayari na muonekano wake umeidhinishwa na mwenye anime. Kwa hiyo uchunguzi ufanye nyumbani. Kafe kubwa huweka mtandaoni jedwali la vitu vinavyoleta mzio. Kuna jedwali fupi, lile la vitu vinavyotajwa kisheria kwenye vyakula vya pakiti (kama mayai, maziwa, ngano, kamba, kaa, ngano nyeusi ya soba, karanga, jozi), na kuna refu lenye vitu kama 28. Tafuta lile refu, kwa sababu ndani yake mna 豚肉, nyama ya nguruwe, na ゼラチン, jelatini. Hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi kwa Mwislamu, ingawa halielezi kila kitu: pombe haimo, na mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia) na divai hutumika kwenye michuzi mingi.

Kwa uzoefu wa menyu hizi, vya kuhofia ni kari (mchuzi wake mara nyingi una dondoo ya nguruwe hata nyama ikiwa ya kuku), tambi za nyama ya kusaga, na vitamutamu laini kama musi, jeli na mashimelo kwa sababu ya jelatini. Vinywaji vya soda na chai ndivyo salama zaidi, na kadi ya glasi hutoka kwenye kinywaji, kwa hiyo hukosi kitu cha maana kwa kuacha chakula. Hakikisha tu masharti yanaruhusu kuagiza kinywaji peke yake. Swali la kuuliza ni: "Butaniku wa haitte imasu ka?", je, kuna nguruwe ndani?

Kadi ya bahati na hesabu yake

Kadi hutolewa bila kuchagua, ndani ya pakiti isiyoonyesha ndani au ikiwa imegeuzwa kifudifudi. Kafe haibadilishi, isipokuwa yenye kasoro. Sasa fanya hesabu kabla ya kuagiza kinywaji cha nne. Kama kuna wahusika 12 na unamtaka mmoja, vinywaji viwili vinakupa uwezekano wa asilimia 16. Vitano, asilimia 35. Vinywaji kumi vya yen 800, yaani yen 8,000, vinakufikisha asilimia 58 tu. Na vinywaji kumi huwezi kuvimaliza. Kuacha glasi zimejaa mezani ni aibu kubwa kule, kafe nyingi zimekataza waziwazi, na wahudumu wanaona. Agiza unavyoweza kunywa, kisha badilishana.

Kubadilishana, koukan, kuna adabu zake. Kwanza soma tangazo: kafe nyingi hukataza kubadilishana na meza nyingine ndani ya ukumbi au kwenye ngazi. Mahali panapojulikana kwa shughuli hiyo Tokyo ni bustani ya Naka-Ikebukuro, mbele ya duka kuu la Animate. Wenye kadi husimama au kuketi pale wakiwa wameonyesha walichonacho. Andika kwenye karatasi au skrini ya simu: 譲 (natoa), jina la mhusika uliyempata, kisha 求 (natafuta), jina la unayemtaka. Nakili majina kwa Kijapani kutoka kwenye menyu. Kadi ibaki ndani ya plastiki yake. Mtu akija, sema "Koukan shite moraemasen ka?", unaweza kunibadilishia? Mpe muda aikague yako pande zote mbili, nawe uikague yake, kisha kabidhianeni kwa wakati mmoja. Ni moja kwa moja, bila pesa. Mhusika maarufu sana anaweza kudaiwa kadi mbili kwa moja, na kukataa si kosa. Inama kidogo, shukuru, subiri mwingine.

Ukikosa na hapo, nenda K-Books, Lashinbang au Mandarake, maduka ya mitumba ya bidhaa za anime, yote yana matawi Ikebukuro. Kadi za kolabo hufika huko ndani ya siku chache tangu kolabo ianze. Za wahusika wa pembeni hupatikana kwa yen mia moja au mbili, chini sana ya bei ya kinywaji. Kabla ya kulipa, inamisha kadi kwenye mwanga wa taa: iliyowahi kubeba glasi huonyesha duara jepesi, hata ikiwa imekauka, na kona zake huwa zimevimba kidogo.